Mahari inayotumwa kwa simu kutoka Texas

Miongoni mwa Wakenya wa Arlington, Wakongomani wa Fort Worth na Watanzania wa Houston, mahari hutajwa kana kwamba wote wanazungumzia kitu kimoja. Sivyo. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Sura ya Nisaa inaagiza wanawake wapewe mahari yao, na baba hana fungu humo. Bara, neno hilohilo likachukuliwa kutajia ng'ombe, mbuzi na fedha zinazotoka kwa ukoo wa mwanamume kwenda kwa ukoo wa mwanamke. Kiingereza nacho kinayaita yote mawili kwa neno dowry, ambalo asili yake ni mali anayokwenda nayo mke kwa mumewe, yaani safari ya kinyume kabisa. Ndiyo maana jirani Mmarekani akielezwa habari hizi husikia biashara. Hata wanaanthropolojia walisikia hivyo, mpaka E. E. Evans-Pritchard alipowahimiza mwaka 1931 waache kusema bei ya mke.

Tazama majina ya vitu vyenyewe. Katika posa ya pwani, mbali na mahari ya binti, kuna kilemba cha baba au mjomba, kuna mkaja wa mama, na kuna ubeleko. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Anayetoa vitu hivi anataja kazi iliyofanywa, na aliyeifanya yupo palepale anaitikia. Kwa Wakikuyu, ruracio hutolewa kidogo kidogo kwa miaka, na wazee husema mahari haimaliziki, maana anayemaliza kulipa amemaliza na ukwe. Hoja yangu ni hii: heshima ya mahari ilikaa katika muda na katika watu, kiasi kilifuata nyuma. Sasa kijana wa zamu za usiku katika ghala la Dallas anatajiwa jumla kwa dola, kwa kuwa tu yuko Marekani, kikao kinafanyika kwa WhatsApp, na fedha zinafika kwenye simu ya mjomba kabla hajatoka kazini. Mambo ya miaka kumi yamekwisha usiku mmoja. Kitu kilicholipwa chote kwa mkupuo, bila kikao wala chakula cha pamoja, kinafanana mno na ununuzi, na hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Wapo watakaosema ununuzi ulikuwepo tangu zamani, na wana ushahidi. Shirika la MIFUMI la Tororo, Uganda, lilikwenda mahakamani likieleza jinsi wake wanavyoshindwa kuondoka kwenye vipigo kwa sababu wazazi hawana ng'ombe wa kurudisha. Ushahidi huo siupingi, unaniumiza. Lakini angalia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uganda katika kesi hiyo mwaka 2015: kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ila kutoa mahari kukaruhusiwa kuendelea. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, inaridhika na kiasi cha ishara tu kama uthibitisho wa ndoa ya kimila. Tanzania tangu 1971 haiibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikutolewa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaidai kisheria, lakini marekebisho ya 2016 yakaipa hadhi ya ishara. Nchi hizo zimepunguza nguvu ya kiasi na ya deni, na hakuna hata moja iliyofuta kitendo cha kutoa.

Wengine husema Texas haijali mila zetu, basi tunajisumbua bure. Hili ni kosa la hatari. Texas inatambua ndoa isiyo na leseni: wawili wakikubaliana kuwa mume na mke, wakaishi pamoja humo jimboni na kujitambulisha hivyo kwa watu, ni wanandoa kisheria. Wenzi waliotoa ruracio, wakahamia nyumba moja Grand Prairie na kuitana mume na mke mbele ya kanisa zima, huenda tayari wanahitaji talaka ya mahakama ili waachane, na mali waliyoichuma pamoja ikagawanywa. Kwa upande wa Waislamu, mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Houston ilikataa kuuhesabu mkataba wa mahari ya dola 50,000 kuwa makubaliano ya kabla ya ndoa, kwa kuwa wahusika walikuwa wameshafunga ndoa ya serikali walipoutia saini. Saini zilikuwepo. Kilichoiangusha mahari ya mwanamke yule ni mpangilio wa tarehe mbili, na wazee wanaosimamia posa kwa simu kutoka Mombasa au Bukavu hawana namna ya kuzijua tarehe kama hizo wasipokuwa na mshenga anayeishi Houston.