Taa Zinawaka, Stata Haizungushi: Tatizo Liko Wapi?

"Betri nzima bwana, si unaona taa zinawaka!" Kaa nusu siku kwenye gereji za Tukuyu mjini, utaisikia sentensi hii. Anaisema dereva wa Coaster, anaisema mwenye lori la ndizi, na anaisema mwenye boti aliyepanda kutoka Matema na stata yake imefungwa kwenye kiroba. Mimi nimekulia mji huu, na likizo zangu nyingi zimeishia kwa fundi umeme mmoja, namshikia tochi na kumwoshea spea. Naandika kwa sababu sentensi hiyo inawala watu hela, na huko Ziwa Nyasa inaweza kula zaidi ya hela. Gari likigoma Uyole unashuka unasukuma. Boti husukumi. Injini ndogo ya nyuma ina kamba ya kuvuta, lakini dizeli kubwa ikigoma katikati ya maji, upepo wa kusini ukivuma kama unavyovuma Mei hadi Agosti, boti inakaa ubavu kwa mawimbi na abiria ndani.

Tuanze na njia ya umeme, maana stata ya boti na ya gari ni ndugu. Kuna njia mbili. Njia kubwa inatoka betri kwa waya mnene, inapita kwenye solenoidi, inaingia kwenye mota ya stata, kisha inarudi betri kwa waya wa ethi. Njia ndogo inapita kwenye ufunguo, na boti nyingi pia kwenye swichi ya nyutro, kisha inaiamuru solenoidi ifunge mlango wa njia kubwa.

Sasa kumbuka fizikia ya sekondari: volti ni ampea mara omu. Tuseme kichwa cha betri kina ukungu mweupe, na ukungu huo una ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa ya ampea 2 ikiwaka, pale panapotea volti 0.04. Huwezi kuona tofauti, taa inang'aa kama kawaida. Lakini stata ya dizeli ndogo ikitaka kuvuta ampea 150, pale pale panataka kupotea volti 3. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni robo nzima, na betri yenyewe imeshashuka kwa uzito wa kazi. Kwa hiyo taa kuwaka ni ushahidi wa taa tu.

Hatua ya pili ni kusikiliza, huku mwenzako akiangalia taa.

Kimya kabisa, taa hazibadiliki: amri haifiki. Hakikisha gia iko nyutro, kisha kagua fyuzi, ufunguo na waya mdogo wa solenoidi.

Tiki-tiki-tiki mfululizo, taa zinafifia: betri imekwisha chaji, au viungio ni vichafu au vimelegea.

"Tak!" moja na taa hazififii: solenoidi imevuta lakini moto haupiti. Shuku sahani za ndani ya solenoidi zilizoungua, au brashi za mota zilizokwisha.

"Tak!" moja na taa zinafifia sana: umeme unafika, lakini kuna kitu kimekaza. Kwenye boti hapa kuwa makini, huenda maji yameingia kwenye silinda. Usilazimishe, utapinda kitu. Toa plagi au nozeli kwanza, ndipo uzungushe.

Mota inalia kwa kasi ila injini haizunguki: bendiksi haishiki meno ya flaiwili.

Hatua ya tatu ni multimita, chombo ambacho hata mwanachuo anaweza kukinunua bumu likitoka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke sana chini ya 10. Ikishuka, ichaji na uipime tena kabla ya kulaumu kitu kingine. Isiposhuka, weka ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya betri, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye bolti ya stata, halafu mwenzako apige ufunguo. Kisomo kisizidi nusu volti. Rudia upande wa ethi, kutoka nguzo hasi hadi bodi ya stata. Ukiona volti 2 au 3, mwizi yuko katikati. Sogeza ncha kiungio kwa kiungio hadi umkamate. Dawa yake ni kufungua, ukianza na hasi, kusugua mpaka chuma king'ae, kukaza vizuri na kupaka grisi juu.

Ndiyo maana ile safari ya kiroba inaniuma. Stata inapanda Coaster mpaka Tukuyu, fundi anaifunga mezani kwa betri nzuri na waya mnene, inazunguka vizuri kabisa. Si ajabu: haina mzigo, na ukungu umebaki Matema kwenye vichwa vya betri. Mwenye boti anarudi na stata ile ile, au anauziwa nyingine, na ziwani inagoma tena.

Tahadhari moja: mchezo wa kupiga shoti solenoidi kwa bisibisi unaruka swichi ya nyutro na unatoa cheche. Kwenye chumba cha injini chenye harufu ya petroli, cheche moja inatosha kuchoma boti. Fungua, pitisha hewa, na usiguse mpaka harufu iishe.

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tuna mjomba mwenye bodaboda, Noah au mtumbwi wa injini. Akikupigia simu kwamba stata imekufa, kabla hujachangia hela ya stata mpya, muulize: umeshapima kati ya betri na stata?