Mafuta Mteremkoni
Kati ya Kibondo na Kasulu, gari dogo linalompeleka mgonjwa hospitalini hupanda na kushuka vilima. Tairi zenye upepo mdogo na mizigo isiyo ya lazima huongeza ulaji wa mafuta, hasa mlimani. Mteremkoni, baadhi ya madereva huweka gari frii wakiamini wanabana mafuta. Kwa injini zinazopimiwa mafuta na kompyuta, imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Gari likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, magurudumu huizungusha injini na mafuta hukatwa. Likiwa frii, injini huendelea kunywa isizimike. Breki nazo huachiwa uzito wote, hupata moto na huweza kushindwa, mgonjwa akiwa ndani. Mteremko mkali huhitaji gia ndogo, hata kwa gari la otomatiki.