Riwaya za Likizo na Watoto wa Makina

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, mwanafunzi wa sekondari hurudi nyumbani na mzigo wa kazi: insha kadha, maswali ya hisabati, na riwaya moja au mbili za kusoma mpaka mwisho. Wengi huzilaza riwaya chini ya mto hadi wiki ya mwisho, kisha hukimbilia mwongozo. Mwongozo, kwa asiyeujua, ni kijitabu kinachomweleza mtoto nani ni nani, dhamira ni zipi na methali ngapi zimetumika. Mtu huweza kufaulu mtihani kwa huo mwongozo na riwaya yenyewe asiijue hata harufu.

Hayo ni maradhi ya shule zote. Kilichonivuta Makina, kule Kibera, ni jambo jingine. Hapo ndipo walipo Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani wa jeshi la KAR, waliowekwa na Waingereza katika ardhi ile mwanzoni mwa karne ya 20. Wao waliiita Kibra, yaani msitu, na iliwachukua mpaka mwaka 2017 kupata hati ya ekari 288. Mtoto wa hapo nyumbani husema Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu; uwanjani husema Sheng; chuoni husoma alifu na be; na Kiswahili cha vitabuni hukutana nacho darasani.

Katika nyumba moja nilikuta ugomvi juu ya riwaya. Mwalimu alikuwa ametoa Utengano, kitabu cha Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, kilichochapishwa 1980 na kuwahi kutahiniwa Kenya nzima. Binti alikwisha kufika pale Maimuna anapotoroka kwao na kuangukia danguro la Mama Jeni. Mamake akauchungulia ukurasa, akakitia kitabu kabatini, ufunguo akaufunga pindoni mwa leso.

"Shehe," akaniambia, "hivi ndivyo vitabu vya kupewa mtoto wa Kiislamu?"

Swali si la kuchekwa. Mtaa una mitihani ya kutosha bila ya kuisoma vitabuni. Ila mama aliingilia kisa katikati. Lau angelianza mwanzo, angelimkuta Bwana Maksuudi, mtu wa heshima zake mjini, anayemfungia bintiye ndani huku mwenyewe akitembea atakako. (Jina lenyewe, mwenye Kiarabu kidogo atasikia kusudi ndani yake.) Angelimkuta Bi Tamima akiachwa wakati wa uzazi, kwa kuwa mkunga aliyeitwa kumsaidia, Bi Farashuu, hatakiwi na bwana mwenye nyumba. Njia ya Maimuna kwenda kwa Mama Jeni ilianzia kwenye mlango huo uliokomewa.

Sisi tuliosoma vyuoni tuliisoma Sura ya Yusuf tungali wadogo, na ndani yake mna mwanamke anayefunga milango na kumtaka kijana asiye mumewe. Maalimu hakuturukisha aya zile. Alituuliza kanzu ilichanika mbele au nyuma.

Kitabu cha pili cha likizo, Kusadikika cha Shaaban Robert (1951), hakikumtia mama wasiwasi: Karama anashitakiwa, anajitetea kwa habari za wajumbe sita, basi. Nacho, kikisomwa sawasawa, kinawafunza watoto kuwahoji wakubwa kuliko Utengano.

Nilimwomba mama akisome kwanza mwenyewe. Alikisoma siku tatu, akamrudishia bintiye kwa sharti kwamba wakisome pamoja baada ya Isha. Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Talaka ya Bi Tamima, mwongozo unaimaliza kwa mstari mmoja chini ya "ukandamizaji wa mwanamke". Si uongo. Lakini mtoto aliyepitia mlango wa ndoa katika fiqhi ana la zaidi: eda ya mwenye mimba huisha anapozaa, basi aliyepewa talaka wakati wa uzazi ana siku ngapi za kurejewa? Na mume aliyetamka kwa ghadhabu, akijuta kesho, atarudi kwa mlango gani?

Maswali hayo binti aliyaandika pembeni mwa daftari lake la kazi ya likizo. Mwongozo haunayo.