Jina liwe lako kwanza: biashara ya kuhosti tovuti na namna ya kuhama

Mfanyabiashara ambaye tovuti yake inalala kila wiki hahitaji kuambiwa kwamba kampuni inayoihosti ni mbovu. Hilo analijua. Asichokijua, mara nyingi, ni kwa nini anashindwa kuondoka. Anatafuta kampuni nyingine yenye sifa nzuri, analipia mwaka mzima, kisha siku ya kuhama anagundua kuwa jina la tovuti, lile lililochapwa kwenye kadi zake na kuandikwa ubavuni mwa magari yake, halikusajiliwa kwa jina lake. Limesajiliwa kwa jina la kampuni ile ile anayoikimbia, au la fundi aliyemtengenezea tovuti miaka mingi iliyopita na ambaye simu yake siku hizi haipatikani.

Bei na kasi ya seva ndivyo vitu vinavyotangazwa, na nitavifikia. Lakini kwa biashara ndogo za Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, suala la kwanza ni nani anamiliki jina. Mwenye jina mkononi anaweza kuhama kampuni mbovu kwa usiku mmoja. Asiye nalo atabaki kubembeleza.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuiba. Fundi anajaza fomu ya usajili, fomu inataka anwani ya barua pepe, mteja hana barua pepe ya ofisi kwa sababu tovuti yenyewe bado haijaanza, basi fundi anaweka yake. Tangu hapo kila taarifa inayosema jina linakaribia kuisha muda inakwenda kwa fundi. Akibadili kazi, akisahau nywila, au akikosana na mteja, biashara inaning'inia. Majina yanayoishia na .tz yalikuwa chini ya tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006, na sasa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA); ya .ke yako kwa KeNIC. Daftari la majina hayo, linaloitwa whois, linaweza kutafutwa mtandaoni. Ni kazi ya dakika mbili, na namsihi kila mwenye tovuti aifanye leo, wakati hana ugomvi na mtu.

Soko lenyewe lina ngazi kadhaa, na mteja huiona ile ya chini tu. Juu wako wenye majengo ya seva, yenye umeme wa akiba, ubaridi na walinzi: Kijitonyama kuna kituo cha taifa cha data kinachoendeshwa na TTCL, Nairobi kuna East Africa Data Centre iliyofunguliwa mwaka 2013, Mombasa kuna iColo. Chini yao wako wanaokodi mashine nzima, nyingi zikiwa Ujerumani, Ufaransa au Marekani, wakazigawa vipande kwa programu kama cPanel. Chini yao tena wako wanaonunua kifungu cha nafasi kwa jumla na kukiuza rejareja kwa nembo yao. Huyu wa mwisho anaweza kuwa kampuni yenye ofisi na wahasibu, na anaweza kuwa kijana mmoja wa Sinza mwenye kompyuta mpakato na simu mbili. Nafahamu vijana wa aina hiyo wanaohudumia wateja wao vizuri kuliko kampuni kubwa. Shida inakuja seva inapoanguka. Unayempigia simu hana mamlaka juu ya mashine. Naye anafungua tiketi kwa aliyemuuzia, na aliyemuuzia anafungua tiketi kwa mwenye mashine. Ni mpangaji aliyempangisha mpangaji mwenzake, na mwenye nyumba hawajui wote wawili.

Hata majina makubwa ya nje yana sura hiyo. Tarehe 2 Agosti 2013 kituo cha data cha Provo, jimbo la Utah, kilipata hitilafu, na wateja wa Bluehost, HostGator, HostMonster na JustHost wakaanguka pamoja. Wengi walidhani hizo ni kampuni nne zinazoshindana. Zote zilikuwa mali ya Endurance International Group, ambayo baadaye, mwaka 2021, iliunganishwa na Web.com na kuitwa Newfold Digital. Aliyekuwa amehama kutoka moja kwenda nyingine ili kupata huduma bora alikuwa amebadili nembo tu.

Sasa tupige hesabu ya muuzaji. Chukua kifurushi cha shilingi 60,000 kwa mwaka, ambacho ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ndani ya hiyo 5,000 mna kodi ya seva inayolipwa kwa dola, leseni ya paneli, makato ya miamala ya simu, na mshahara wa mtu wa kupokea malalamiko. Faida haipatikani mpaka mashine moja ibebe akaunti mamia, kwa kutegemea kwamba tovuti nyingi zina wageni wachache. Siku duka moja likitangaza punguzo, au tovuti moja ya WordPress isiyosasishwa ikiingiliwa na wahalifu wakaitumia kutuma barua taka, majirani wote wanapungukiwa pumzi. Hesabu ilizidi kuwa ngumu mwaka 2019, pale cPanel, iliyokuwa imenunuliwa mwaka uliotangulia na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Oakley Capital, ilipoacha kutoza kwa seva na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti. Muuzaji aliyekuwa amerundika wateja wengi kwa leseni moja alijikuta na ankara nyingine kabisa. Baadhi wakapandisha bei, baadhi wakahamia DirectAdmin, na wengine wakabana palepale walipozoea kubana, yaani kwenye huduma kwa mteja.

Ndiyo maana neno «bila kikomo» kwenye tangazo lisomwe pamoja na masharti ya mkataba. Nafasi ya diski inaweza kweli kuwa haina kikomo kilichoandikwa, lakini idadi ya mafaili inacho. Kikomo cha mafaili laki mbili au laki mbili na nusu si kigeni. Kila barua pepe huhesabiwa kama faili moja. Ofisi ya wafanyakazi kumi wasiofuta barua kwa miaka inaweza kuugusa ukuta huo bila kupakia picha hata moja, na asubuhi moja barua zinaacha kuingia.

Ahadi ya kuwa hewani nayo ina hesabu yake. Asilimia 99.9 inaruhusu seva kuwa chini karibu saa 9 kwa mwaka, kama dakika 43 kwa mwezi. Asilimia 99, ambayo masikioni inakaribia kuwa ile ile, inaruhusu zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka. Na ahadi ikivunjwa, fidia kwa kawaida ni sehemu ya ada ya mwezi huo. Kwa aliyelipa shilingi 5,000, hata akirudishiwa yote haimsaidii ikiwa amepoteza oda za wikiendi. Kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua kampuni kwa asilimia iliyotangazwa. Huduma za kufuatilia tovuti zinazoikagua kila dakika chache na kukutumia ujumbe ikianguka zipo, na baadhi zina daraja la bure. Weka mojawapo leo kwenye tovuti yako ya sasa; baada ya mwezi utakuwa na kumbukumbu yako mwenyewe, yenye tarehe na saa, badala ya kubishana kwa hisia na mtu wa huduma kwa wateja.

Swali la seva ikae wapi limeanza kuulizwa kwa uzito baada ya tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hizo tovuti ya Kitanzania iliyohostiwa Ulaya ilionekana vizuri Ulaya, na mwenyewe akiwa Dar es Salaam hawezi kuifungua. Iliyohostiwa Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyounganishwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano cha TIX, ilikuwa na njia ya ndani isiyopita baharini. Hilo halimaanishi kila mtu arudi nyumbani. Ofisi ya utalii ya Moshi inayouza safari za Kilimanjaro wageni wake wako Ujerumani na Marekani. Seva ya Frankfurt inawafaa wao kuliko ya Kijitonyama. SACCOS, shule, au duka la Kariakoo linalouza kwa wateja wa mikoani, hao seva ya hapa inawafaa, maana kila ombi linalokwenda Ulaya na kurudi linakula milisekunde zaidi ya 100, na ukurasa mmoja una maombi mengi. Yupo pia mteja anayelazimika kuitazama sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamgusa anayekusanya taarifa za watu na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Mwenye tovuti ya zahanati asimwachie fundi wake uamuzi huo.

Barua pepe ningezitenga kabisa na tovuti. Kwenye seva ya wengi, jirani mmoja anayetuma barua taka anatosha kuifanya anwani ya seva nzima iingizwe kwenye orodha za Spamhaus, na ankara yako halali ikaishia kwenye taka za mteja. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti: anayetuma lazima awe na uthibitisho wa mtumaji wa SPF au DKIM, na mtumaji wa wingi awe nazo zote mbili pamoja na DMARC. Kampuni ya kuhosti isiyoweza kukueleza vitu hivyo vitatu kwa Kiswahili cha kawaida haifai kubeba barua za biashara yako.

Basi kuhama kwenyewe. Usitangaze ugomvi kabla hujawa na vitu vyako mkononi. Kwanza pata udhibiti wa jina na msimbo wa uhamisho. Kwa majina ya .com kumbuka kwamba baada ya usajili au uhamisho kuna kipindi cha siku 60 ambacho kwa kawaida jina halihamishiki. Ukibanwa hapo usikwame, kwani unaweza kuhamisha tovuti leo na jina baadaye, mradi unaweza kubadili rekodi zake za DNS, yaani zile zinazoelekeza jina kwenye seva. Halafu ingia kwenye paneli uchukue nakala kamili: mafaili, hifadhidata na masanduku ya barua. Ishushe kwenye diski yako. Kampuni iliyofunga kitufe cha nakala kamili imekwisha kukueleza inakutazamaje.

Nakala hiyo irejeshwe kwenye seva mpya, kisha itazame kabla ya dunia kuiona. Kuna faili dogo kwenye kompyuta yako liitwalo hosts. Ukiandika humo mstari mmoja wenye anwani ya seva mpya na jina la tovuti, kompyuta hiyo peke yake itaona seva mpya huku wengine wote wakiendelea na ya zamani. Jaza fomu, fungua picha, jaribu malipo. Siku mbili kabla ya kugeuza, punguza TTL, yaani muda ambao dunia inakumbuka anwani ya zamani, kutoka sekunde 86,400 hadi 300. Geuza usiku wa Jumapili. Kama unauza mtandaoni, simamisha oda kwa saa chache hizo, la sivyo oda zitakazoingia kwenye hifadhidata ya zamani hutaziona. Akaunti ya zamani usiifunge mpaka wiki mbili au tatu zipite, maana zipo barua zitakazochelewa njiani zikaenda kule. Na kama rekodi za DNS zinakaa kwa kampuni ya zamani, zitoe kwanza. Wengi wamefunga akaunti kwa furaha wakazima tovuti mpya kwa mkono wao.

Nakala nazo zisikae nyumba moja na tovuti. Usiku wa 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, na baadhi ya wateja waliolipia nakala wakagundua zilikuwa palepale. Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru kampuni hiyo imlipe mteja mmoja zaidi ya euro 100,000. Kwetu, mwenye kifurushi cha elfu sitini asitegemee mahakama. Anunue diski ya nje, na kila mwezi ashushe nakala.

Katika kuchagua kampuni mpya, ningeipima kwa maswali ambayo muuzaji hayapendi. Mashine iko jengo gani, na unaweza kuigusa mwenyewe au unamwomba mtu? Mara ya mwisho mlirejesha nakala ya mteja lini? Yaulize kwa maandishi saa tatu usiku siku ya Jumamosi, kisha hesabu saa mpaka jibu lifike. Lipa mwezi mmoja kwanza, hata kama mwaka una punguzo. Mkwepe anayekuuzia cheti cha usalama cha kawaida kama bidhaa ya pekee, wakati Let's Encrypt inatoa vyeti hivyo bure tangu mwaka 2015. Na malipo kwa M-Pesa si jambo dogo: kadi ya benki iliyokataliwa na mtandao wa nje usiku wa mwisho wa mkataba imezima tovuti nyingi ambazo wenyewe walikuwa na fedha.

Lipo moja linaloweza kufanywa na TCRA kwa gharama ndogo. Leo Mtanzania akipiga *106# anaona namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na akiona asiyoitambua anaweza kuikana. Majina ya .tz yako chini ya mamlaka hiyo hiyo. Mtumiaji angepewa menyu ya namna hiyo kwa majina ya tovuti, na kila usajili au mabadiliko ya mmiliki yakatumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya mwenye biashara, kwa Kiswahili, fundi hangeweza tena kusajili jina la mteja kwa barua pepe yake bila mteja kujua siku hiyo hiyo.