Esteri, Raheli, Debora: majina ya Kiyahudi ya mabinti wetu yana maana gani?

Ita jina la Esteri kwa sauti siku ya Jumapili mbele ya kanisa lolote la Mpofi, pale wilaya za Masisi na Walikale zinapokutana, na hautakosa mtu wa kugeuka. Ita Raheli, Sara, Debora ao Ruti, itakuwa vilevile. Majina haya yamezoeleka Kivu ya Kaskazini mpaka wengi wanayaona kama ya kwetu. Lakini yalizaliwa mbali, katika lugha ya Kiebrania, lugha ya Wayahudi, na kila moja lina maana yake. Wazazi wengi wanalichagua jina kwa sababu ni la bibi, ao ni la sista aliyesaidia mama wakati wa kuzaa, ao lilisomwa kanisani siku ile. Maana yake haiulizwi.

Yaliingia kwa milango mingi

Mapadri wa Katoliki walileta majina kwa Kifaransa: Esther, Rachel, Judith, Suzanne, Madeleine. Makanisa ya Kiprotestanti, yaliyosoma Biblia kwa Kiswahili, yalisema Esteri ao Esta, Raheli, Yuditi, Maria Magdalena. Ndiyo maana dada wawili wa mama mmoja wanaweza kuwa na jina moja bila kujua: mmoja ni Anne, mwingine ni Hana. Yote mawili ni jina la mama ya nabii Samweli, na maana yake ni neema.

Jeanne naye yuko karibu na hao. Jina hilo linatoka kwa Yohana, ni kusema "Mungu amefadhili", na ndani yake kuna neno lile lile la neema. Kwa hiyo nyumba yenye Neema, Hana na Jeanne ina mabinti watatu wenye karibu jina moja.

Kutoka zizini mpaka msituni

Wayahudi wa zamani walikuwa wafugaji na wakulima, na majina ya mabinti wao yanaonyesha hivyo. Raheli ni kondoo jike. Debora ni nyuki. Mwanamke wa jina hilo alikuwa mwamuzi wa Israeli na alikwenda vitani pamoja na Baraka. Yaeli ni mbuzi wa milimani. Sipora, bibi ya Musa, ni ndege mdogo. Tamari ni mtende. Suzanne linatoka kwa Shoshana, ua la yungiyungi. Tabita ni paa. Kwa mtu wa Masisi anayejua malisho, ao mtu wa Walikale anayejua asali ya msituni, majina haya hayana ugeni.

Mengine yanataja heshima ao imani. Sara ni binti wa mfalme, na Marta ni bibi mwenye nyumba. Elisabeti ni "Mungu wangu ni kiapo", na kutoka kwake tumepata Elise, Lisette, Babette na hata Isabelle. Michelle ni swali: "Nani aliye kama Mungu?" Danielle ni "Mungu ni mwamuzi wangu". Salome linatoka kwa shalom, amani. Yuditi ni mwanamke wa Yuda, na katika kitabu cha Mwanzo Lea alimwita mwana wake Yuda kwa kuwa alitaka kumsifu Mungu. Kwa hiyo Yuditi na Sifa ni majirani.

Kuna pia majina ambayo hata wataalamu hawakubaliani juu yake. Wengine wanasema Mariamu ni uchungu, wengine wanalitafutia mwanzo huko Misri. Esteri labda ni nyota kwa lugha ya Waajemi. Na si kila jina la ubatizo ni la Kiyahudi: Agnès na Christine yanatoka kwa Wagiriki, Noëlla ni la Noeli, Espérance ni Kifaransa tupu.

Furaha wa Kivu na Allegra wa Katanga

Wayahudi wenyewe waliishi hapa Congo. Wakati wa Wabelgiji, familia nyingi zilitoka kisiwa cha Rodo, katika bahari ya Mediterania, zikaja kufanya biashara Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Walijenga sinagogi ambayo ingali inasimama mjini humo, na tangu mwaka wa 1937 rabi wao alikuwa Moïse Levy. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kihispania cha Kiyahudi. Mabinti wao waliitwa Rachel, Rebecca na Esther, lakini pia Allegra, yaani Furaha, na Fortunée, yaani mwenye Bahati. Majina hayo mawili, mama wa Masisi angeyatamka kwa Kiswahili bila kubadilisha maana.

Desturi yao nayo haiko mbali na yetu: binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa baba, hata kama bibi angali hai. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki hawafanyi hivyo. Kwao jina la ndugu linapewa mtoto baada ya mwenyewe kufariki. Mwezi wa Julai 1944, Wanazi waliwakamata Wayahudi wa Rodo, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka kwenye kambi ya Auschwitz. Wengi sana hawakurudi. Kwa ndugu zao waliokuwa Congo, jina la bibi likawa kitu kimoja kati ya vichache vilivyobaki.

Jina linaweza kuwa fimbo

Wanazi hao hao walitumia jina kama alama. Kwa amri ya mwaka wa 1938, kila mwanamke Myahudi wa Ujerumani ambaye jina lake halikumtambulisha kuwa Myahudi alilazimishwa kuongeza "Sara" kwenye kartasi zake. Jina la binti wa mfalme likageuzwa kuwa alama ya kuwindwa.

Kwetu serikali ilikwenda njia nyingine. Mwaka wa 1972, Mobutu alikataza majina ya Kikristo kwa siasa ya uhalisi, na Kardinali Malula aliyepinga akalazimika kukaa Roma kwa muda. Kwenye kartasi, Esther akabaki na jina la ukoo peke yake. Nyumbani na kanisani, watu waliendelea kumwita Esther. Baada ya mwaka wa 1990, majina hayo yalirudi wazi.

Kwa watu wa Masisi na Walikale, jambo hili si la zamani tu. Hapa jina la ukoo mara nyingi linaonyesha kabila la mtu mbele hajafungua kinywa, na wakati wa vita hiyo inaweza kuleta hatari njiani. Esteri, Raheli ao Ruti hawana kabila. Biblia yenyewe inasema Esteri alikuwa na jina lingine, Hadasa, na kwamba katika nyumba ya mfalme hakusema yeye ni wa watu gani. Mama aliyekimbia mara tatu anaielewa hadithi hiyo bila mahubiri.

Andika jina moja, kwa namna moja

Shida inakuja kwenye kartasi. Kituo cha afya kinaandika Esther, kadi ya ubatizo inasema Esteri, masomo yanaandika Estha kwenye buletini. Mtoto ni mmoja, lakini siku ya mtihani wa serikali ao ya kutafuta kadi ya uchaguzi anaonekana kama watu watatu. Sheria ya familia inasema kwamba jina lililoandikwa kwenye eta sivili haligeuzwi, hata maandishi yake, bila ruhusa ya mahakama. Sheria hiyo, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, lazima kupitia mahakama, na kutoka Mpofi safari hiyo ni ndefu na ya gharama.

Sheria inaomba pia majina yatoke katika utamaduni wa Wakongomani. Kwa hiyo usiliache jina la kwenu: Masika Esther, Furaha Rachel, Uwimana Debora, yote yanakaa vizuri pamoja. Mzazi achague namna moja ya kuliandika jina, aiandike mwenyewe kwenye kipande cha kartasi, na aonyeshe kile kile hospitali, kanisani, kwa shefu na kwenye masomo. Wakati wa kukimbia, nyumba inaachwa, shamba linaachwa, mbuzi wanaachwa. Jina, binti anaondoka nalo. Inafaa ajue maana yake, na awe na kartasi inayoliandika sawasawa.