Zoezi la mezani: kuandaa vyuo vyetu vya Kasongo na Kabambare kwa shambulio la mtandaoni



Tukisikia habari za wezi wa mtandaoni, wengi wetu tunafikiri ni mambo ya Kinshasa au ya Ulaya. Sisi wa Kasongo bado tunatafuta mahali pa kusimama ili simu ipate mtandao! Lakini tuangalie vyuo vyetu vilivyo leo. Apariteri, yaani ofisi inayoandikisha wanafunzi, imeweka majina na kote zote katika kompyuta moja. Minervali inalipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Matangazo yanapita katika kundi la WhatsApp. Ikiwa ni hivyo, mwizi hana haja ya kupita barabara ya Kabambare na matope yake ili atufikie.

Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, kulikuwa na Lincoln College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1865. Kilipita vita viwili vya dunia. Mwezi wa Desemba 2021 wezi walifunga mafaili yake na kudai pesa. Chuo kilikuwa kimekwisha kudhoofika kwa sababu ya korona, na sasa hakikuweza kuona hata hesabu ya wanafunzi waliojiandikisha. Mitambo iliporudi Machi 2022, walikuta idadi imeshuka mno, na tarehe 13 Mei 2022 chuo kikafungwa kabisa. Chuo kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilipigwa Desemba 2019. Kilikuwa na nakala za akiba, lakini baadhi zilikuwa zimeunganishwa na mtandao uleule, nazo zikafungwa pia. Walilipa bitkoini 30. Mlango wa mwizi ulikuwa barua pepe za udanganyifu zilizofunguliwa miezi miwili kabla. Hata karibu nasi, Julai 2023, huduma za serikali ya Kenya katika eCitizen zilisimamishwa na shambulio, na watu walikaa bila huduma walizozoea.

Basi tufanye nini, sisi tusio na fundi wa usalama wala bajeti yake? Kuna zoezi ambalo halihitaji mtandao, wala umeme. Linafanyika mezani, kwa karatasi, katika saa mbili au tatu. Mkuu wa chuo, katibu wa masomo, apariteri, mtunza hazina, mwakilishi wa wanafunzi na mtu mmoja wa kanisa linalosimamia chuo wanaketi pamoja. Mmoja anaongoza na kusoma habari za kubuni, moja baada ya nyingine. Mwingine anaandika. Hakuna anayegusa kompyuta. Sharti kubwa ni hili: kila mmoja ajibu kulingana na hali ilivyo leo, si jinsi angependa iwe. Na asilaumiwe mtu.

Tutoe mfano. Ni Jumatatu, juma la majadiliano ya kote. Saa moja na nusu asubuhi jenereta inawashwa, apariteri anafungua kompyuta, na hakuna faili hata moja linalofunguka. Kuna maandishi tu yanayodai dola. Nani anaambiwa kwanza? Nani ana ruhusa ya kuamua?

Waacheni wajadili, kisha someni habari ya pili: namba ya mkuu wa chuo imetuma ujumbe katika WhatsApp, kwamba minervali ilipwe leo kwa namba mpya. Mkuu mwenyewe yuko Kindu, na simu yake haipatikani. Habari ya tatu: mwanafunzi kutoka Wamaza amefika na ujumbe wa malipo katika simu. Baba yake aliuza mbuzi, akatuma dola 50 kwa namba ile. Je, chuo kitamhesabu amelipa au hajalipa?

Tunaamini swali hili la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa na wanaodhani jambo hili ni la mafundi. Familia nyingi za Kabambare zimekwisha kukimbia vijiji zaidi ya mara moja. Kwa kijana wa namna hiyo, kote zilizopotea ni mwaka mzima uliopotea, na pesa ile haitapatikana tena. Jibu lake litafutwe katika zoezi, kwa utulivu, na kuandikwa, kuliko kutafutwa mlangoni mbele ya mzazi anayelia.

Kuna mambo machache ya ufundi ambayo meza inapaswa kuyajua. Mashine iliyopigwa itenganishwe na mtandao mara moja. Isifutwe kwanza, maana ndani yake mna ushahidi. Diski ya akiba isichomekwe humo kamwe, la sivyo nayo itafungwa. Nakala ziwe tatu, na moja ilale mbali na jengo la chuo. Madaftari ya kote, yale ambayo vijana wanayacheka, yasitupwe: katika shida kama hii yanaweza kuokoa palmaresi yote. Kulipa wezi hatushauri, kwa sababu hakuna dhamana kwamba watafungua. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu uhalifu huu na kulinda habari za watu. Kwa hiyo kupeleka mashtaka ni haki yetu.

Nehemia, alipojenga ukuta, aliwaambia watu mapema wakusanyike wapi wakisikia tarumbeta. Tarumbeta yetu ni nini, ikiwa WhatsApp yenyewe imeshikwa na mwizi? Hapa wachungaji wa Samba, Wamaza na Salamabila wana kazi. Tangazo la Jumapili na redio ya mahali vinaweza kuwaonya wazazi kabla hawajatuma pesa, mradi chuo kiwe na namba za wachungaji hao kwenye karatasi, na neno moja la siri la kuthibitisha kwamba tangazo kweli limetoka chuoni.

Mwisho wa zoezi, mwandishi asome mapengo yaliyoonekana. Yachaguliwe matatu au manne tu, kila moja na jina la mhusika na tarehe. Chuo kisicho na mwongozaji kimwombe mwalimu wa chuo jirani. Wakati mzuri ni likizo, kabla ya kuandikisha wanafunzi wapya, na meza iitwe tena baada ya miezi sita.