Tathmini ya Kisasi Kazini: Kweli au Si Kweli?

Mhasibu anakataa kuidhinisha malipo yasiyo na risiti. Alama zake zimekuwa nzuri miaka yote, lakini tathmini inayofuata inamwita mzembe. Wenzake wanampa ushauri wa kila namna, na mwingine unaweza kumpotezea haki yake. Tumepima kauli sita kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007, zinazotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake.

1. "Ukisaini fomu, umekubali kila kitu."
Nusu kweli. Saini tupu inaweza kutumiwa dhidi yako baadaye. Kwa hiyo andika pembeni yake: "Nimeipokea, ila sikubaliani na alama hizi." Kisha mpelekee mwajiri barua yenye sababu zako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tathmini zako za zamani nazo zitunze, kwa sababu ndizo zitakazoonyesha upepo ulibadilika lini na baada ya tukio gani.

2. "Alama mbaya zinatosha kumfukuza mtu."
Si kweli. Kanuni zinamtaka mwajiri achunguze kwanza sababu za kazi kudorora, atoe maelekezo au mafunzo, na ampe mfanyakazi muda wa kujirekebisha. Kabla ya kumwachisha kazi ni lazima amsikilize, naye ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Viwango vyenyewe viwe vya haki, na mfanyakazi awe amevijua. Anayevisikia kwa mara ya kwanza siku ya tathmini ana hoja nzito.

3. "Bosi hashindwi, wewe ndiye wa kuthibitisha."
Si kweli, ukiwa umeachishwa kazi. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki. Sheria inataja pia sababu zisizokubalika kabisa: kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki kisheria ya kukuagiza, kutoa taarifa unayoruhusiwa na sheria kuitoa, kudai haki yako, kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, au kuwa mjamzito. Mhasibu wetu akiachishwa, atasimama kwenye sababu ya kwanza. Lakini tahadhari: aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hii.

4. "Ni bora kuacha kazi, udai ukiwa nje."
Ni hatari. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mtu ajiuzulu, na kujiuzulu huko kukahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Ila hapo utatakiwa uonyeshe kwamba hali kweli haikuvumilika, na alama mbaya peke yake ni ushahidi mwembamba. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa hasira, bila kutaja manyanyaso yoyote, humsaidia mwajiri.

5. "Tulia kwanza, kesi haiozi."
Si kweli, na ndiyo kauli inayoumiza wengi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ubaguzi ukiwa bado kazini, ni siku 60. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi. Vikao vya kirafiki na afisa utumishi havisimamishi kalenda hiyo. Watumishi wa umma wao huanzia kwenye ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

6. "Bila wakili, usijisumbue."
Si kweli. CMA huanza na usuluhishi, na unaweza kujiwakilisha, kwenda na kiongozi wa chama chako au mtu mwingine uliyemchagua. Usuluhishi ukishindikana, shauri huamuliwa. Ukionekana umeachishwa isivyo haki, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia.

Tathmini mbaya ni maoni ya mwajiri tu, na hayawi hukumu mpaka yapimwe. Ukiona ya kwako inanuka kisasi, andika pingamizi lako wiki hiyohiyo. Ukipewa barua ya kuachishwa kazi, hesabu siku 30 kuanzia tarehe ya kuachishwa, na ufike CMA mapema.